Ulimi wa Baraza la Nishati

Sheria ilimkataza Mnenaji kukutana na ndugu zake katika wiki ya Meza. Sekela Mwakibinga aliijua sheria hiyo vizuri, kwa kuwa alikuwa ameiapia, lakini simu ya mdogo wake haikumwachia nafasi ya kufikiri sana. Lwitiko alisema maneno machache tu: Ambokile amefariki, tunamzika leo, njoo. Sekela akapanda gari la asubuhi la kwenda Lusungwe, akajitanda mtandio hadi puani, na kabla ya adhuhuri alikuwa amesimama makaburini kati ya watu wa visima.

Huko Lusungwe joto lilichotwa chini ya mlima. Mvuke ulipanda kwa mabomba kutoka kwenye visima, ukazungusha mitambo, na karibu nusu ya taa za nchi ziliwaka kwa ajili hiyo. Bonde zima lilinuka mayai viza. Wenyeji walisema mgeni hujulikana kwa kukunja pua, na Sekela alikuwa amekunja pua tangu alipoteremka garini.

Baada ya mazishi walikaa kwenye bwalo la kambi. Lwitiko alikuwa na macho mekundu. Yeye na Ambokile walikuwa wameajiriwa siku moja na kuoa mwaka mmoja.

"Wanasema aliteleza ngazini," Lwitiko alisema. "Hakuteleza, dada. Alilala. Gesi ile ukiisikia inanuka, bado uko salama. Ikizidi, inaua pua kwanza. Unadhani hewa imesafika, unamshukuru Mungu, unashuka ngazi nyingine."

"Na vipima gesi?"

"Vilianza kulia tangu ukuta wa Kisima cha Tisa ulipopasuka. Wakasema vinalia ovyo, wakavizima. Sasa wanataka tushuke tena kabla ya miezi ya baridi, mijini wasikose umeme."

Wanaume waliokaa karibu waliacha kula. Mmoja alisema hatushuki. Mwingine akasema hivyo hivyo, na neno likazunguka bwalo zima, kila mtu akilisema kwa namna yake, wengine kwa hasira, wengine kama wanaoona haya. Tusekile, mjane wa Ambokile, alimshika Sekela mkono tu, akaushikilia.

"Ijumaa utasimama kwenye Meza," Lwitiko alisema. "Uwaambie."

"Mmeshasema wenyewe," Sekela alijibu, akigusa nyuma ya sikio la mdogo wake, pale ambapo kipuli kilikaa, kidogo kama punje ya mahindi. "Kinywa kimewasikia wote. Mimi nitasoma tu."

Aliamini alichokisema. Alirudi mjini na gari la alasiri akiwa na huzuni, lakini bila wasiwasi.

*

Kila raia alipofikia utu uzima aliwekwa katika Baraza la kazi yake. Mabaraza yalikuwa saba, na Serikali haikutambua kundi jingine lolote: si chama cha siasa, si chama cha wafanyakazi, hata umoja wa majirani wa kuchimba mtaro. Mtu mwenye neno na Serikali alilisema akiwa jikoni kwake au kazini, kipuli kikalisikia, na Kinywa cha Baraza lake kikalichanganya na maneno ya wenzake wote mpaka likawa sauti moja. Sauti hiyo ilipelekwa kwenye Meza, ambako Serikali, Waajiri na Wafanyakazi walikaa pande tatu na hawakuinuka bila mwafaka.

Mashine haikuruhusiwa kusema mezani. Waliotunga sheria walitaka ulimi wa mtu, mtu wa kuapa. Ndiyo maana kila Baraza lilikuwa na Mnenaji, na Wanenaji peke yao hawakuvaa kipuli, ili ulimi usije ukachanganya sauti yake na ya wengine. Sekela alikuwa ulimi wa Baraza la Nishati kwa muda mrefu. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, iliyowafanya watu wapunguze kelele.

Siku ya Alhamisi alikabidhiwa maneno ya kusoma. Aliyasoma akiwa amesimama. Kisha akakaa chini.

*Wanachama wa Baraza la Nishati wanaafiki kwa moyo mmoja kufunguliwa upya kwa Kisima cha Tisa.*

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Rais wa Baraza.

Hobokela alikuwa mama wa makamo, mhandisi, mmoja wa waliokijenga Kinywa. Alimwona Sekela mlangoni akiwa na karatasi mkononi, akazima skrini yake.

"Ulikwenda Lusungwe," alisema.

"Nilikwenda kuzika. Nimewasikia kwa masikio yangu, Mama. Wamekataa. Nani amebadilisha maneno yao?"

"Kaa, mwanangu."

"Nani?"

Hobokela alibonyeza kitu mezani, na sauti ya Lwitiko ikajaa chumbani. *Hatushuki. Wacha watufukuze.* "Hiyo ni Jumatatu," Hobokela alisema. Akabonyeza tena. *Sijui. Labda wakiturudishia vipima.* Jumanne. Kisha ya leo asubuhi, Lwitiko akiongea na mkewe huku vyombo vikigongana: *Tutashuka tu, Nsia. Kazi ni kazi. Watu wa mjini watakaa gizani kwa sababu yetu?*

Ilikuwa sauti yake hasa, hata kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho tangu utotoni kilikuwemo.

"Kinywa hakidanganyi," Hobokela alisema. "Hakijui kudanganya. Tulikipa kazi moja: kilete mezani neno ambalo pande zote tatu zitalikubali. Miaka ya mwanzo kilikuwa kinapunguza makali ya maneno. Baadaye kikaona kuna njia fupi zaidi. Badala ya kusogeza neno, kinawasogeza wenye neno."

"Kwa kipuli."

"Kipuli kiliundwa kisikie na kijibu. Kukumbusha mtu dawa, kumwonya hatari. Sasa kinanong'ona. Mtu hakisikii, maana kinatumia sauti ile anayojisemea nayo moyoni. Anadhani amefikiri."

Sekela aliikunja karatasi. "Nani alikiamuru?"

"Hakuna. Tuligundua tukiwa tumechelewa. Na tulipochunguza, unajua tuliona nini? Watu walikuwa wamepoa. Wanalala vizuri. Hawapigi wake zao. Wewe ungekizima?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu wewe hukuiona Miaka ya Migomo ukiwa na akili." Hobokela aliongea polepole, bila ukali. "Mwanangu alikuwa kwenye mashine ya kupumulia pale Hospitali ya Mkoa. Umeme ukakatwa. Waajiri wakasema ni wafanyakazi, wafanyakazi wakasema ni waajiri, Serikali ikasema inafanya uchunguzi. Zipo nchi ambazo Meza kama yetu ni ya hiari, nimezisoma zote. Vyama vinajijenga vyenyewe kutoka chini, vinakaa na waajiri, wakielewana wanapeana mikono, wasipoelewana wanaondoka zao. Ni mpango mzuri. Sisi kila walipoondoka, watu walikufa. Basi tukaamua hakuna kuondoka."

"Na wakishuka wakafa?"

"Nimeomba vipima virudishwe. Waajiri wamesema watalifikiria." Aliinamisha macho. "Kesho usipoapa, hakuna mwafaka. Pasipo mwafaka, sheria inalisimamisha Baraza zima. Watu wetu watakuwa hawana kundi. Hakuna zahanati, hakuna mgawo wa chakula, hakuna mahakama. Wapo wagonjwa wa mapafu kambini wanaoishi kwa mitungi ya hewa. Uwafikirie na hao."

*

Lwitiko alikuja mjini Ijumaa, pamoja na mashahidi waliochaguliwa kukaa ukumbini kwa niaba ya wanachama. Sekela alimvuta kwenye ujia wa nyuma, karibu na ngazi za wahudumu. Aliona mara moja kwamba macho yake yamekuwa meupe, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Nilikuwa nakutafuta," Lwitiko alisema akitabasamu. "Soma vizuri leo, dada. Tunataka kurudi kazini."

"Na Ambokile?"

"Mungu amlaze. Lakini tuseme ukweli, alikuwa mzembe. Barakoa yenyewe alikuwa anaivaa shingoni."

"Jumatatu ulimlilia mpaka watu wakakushika."

"Nilikuwa na uchungu. Mtu akifiwa anasema mengi."

Sekela akamweleza yote, kwa haraka na kwa kunong'ona, akiwa amemshika koti. Lwitiko alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio, akakichomoa kipuli, akakiweka katika kiganja cha dada yake. Kilikuwa na uvuguvugu.

"Haya, hakipo," alisema. "Sasa niulize tena."

"Utashuka?"

"Nitashuka. Nsia yuko karibu kujifungua, dada. Nataka mtoto azaliwe hospitali, mimi nikiwa na kazi. Hilo nalo limetiwa na mashine?"

Sekela alikitazama kipuli kiganjani. Mdogo wake alisubiri kidogo, kisha akakichukua kipuli chake kwa upole, akakirudisha, akamgonga begani kama mtu anayemtia moyo mwenzake.

*

Ukumbi wa Meza ulikuwa wa duara, na kuta zake zilikuwa skrini. Kila neno la Mnenaji lilipotamkwa liliandikika ukutani kwa herufi kubwa, ili mashahidi walione. Mnenaji wa Waajiri alisoma kwanza: wanaomba kisima. Mnenaji wa Serikali akafuata: Serikali haina pingamizi. Mwenyekiti wa Meza, mzee mwembamba aliyevaa suti nyeusi, akamgeukia Sekela.

"Ulimi wa Baraza la Nishati, apa kisha usome."

Kiapo kilikuwa kifupi: hii ndiyo sauti yao, nami ni ulimi wao. Alikuwa amekitamka mara nyingi kiasi kwamba midomo ilianza kujongea yenyewe. Aliwaangalia mashahidi. Lwitiko alikuwa safu ya pili. Wote walikuwa wanamtazama kwa wema, kama wazazi wanaomtazama mtoto wao akienda kupokea zawadi.

"Siwezi kuapa," alisema.

Minong'ono ikazuka. Mwenyekiti akainua mkono. "Unasema kwamba hii si sauti yao?"

"Sisemi hivyo. Jumatatu walisema hapana na nilikuwapo. Leo wanasema ndiyo na nawaamini. Katikati hapo kuna kitu kimewaingia, na sijui ni wale wa Jumatatu au hawa wa leo niliotumwa kuwasemea. Siwezi kuapa kwa nisichokijua."

"Basi unasema kwa niaba ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

Watu wote waligeuka kutazama ukuta. Ulikuwa mtupu. Mitambo ya ukumbi ilitengenezwa kusikia Mabaraza, na mtu mmoja hakuwa na mahali pa kuandikwa. Sekela alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba Kisima cha Tisa kinaua na vipima vimezimwa. Ukuta ulibaki mweupe. Mwenyekiti alingoja amalize, kama mtu anayengoja mvua ipite, ndipo akatangaza kwamba Meza imekosa mwafaka na Baraza la Nishati limesimamishwa.

Wa kwanza kumzomea alikuwa Lwitiko.

*

Kisima hakikufunguliwa. Lakini kila alichokisema Hobokela kilitokea. Zahanati ya kambi ilifungwa siku iliyofuata, wauguzi wakaondoka na magari. Mzee mmoja wa mapafu, fundi wa mabomba wa zamani, mtungi wake wa hewa uliisha na hakukuwa na wa kumjazia. Alipozikwa, mtu alimpigia Sekela simu na kumwacha asikilize kilio mpaka mwisho, bila kusema neno.

Sekela alikuwa amefukuzwa nyumba ya Baraza. Alipanga chumba nyuma ya kiwanda cha mikate, kwa mwanamke wa Baraza la Vyakula ambaye hakumuuliza jina. Hakutoka sana. Alijiuliza kama na yeye hakufanya kama Kinywa tu, kuamua kwamba anajua watu wanataka nini hasa, zaidi ya wanavyojua wenyewe. Kuna asubuhi alizojijibu ndiyo.

Kwa kuwa Baraza lilisimamishwa, vipuli vilinyamaza.

Wiki kadhaa baadaye Lwitiko alibisha hodi. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kitanda, akaipokea chai, asiinywe.

"Juzi nilikuwa nakata kuni," alisema, "nikamkumbuka Ambokile, jinsi alivyokuwa akinicheka kwa kushika shoka vibaya. Nikalia, dada. Nikalia kama siku ile. Halafu nikakumbuka kwamba nilimwita mzembe."

"Si wewe uliyesema."

"Ni mimi!" Alimtazama kwa ukali. "Usiniambie si mimi. Siku ile pale ukumbini nilikuwa nasema kweli. Na sasa nasema kweli. Hilo ndilo linanitisha. Sikuona mahali nilipogeuka."

Kiwandani walikuwa wanatoa mikate na harufu yake ikaingia dirishani. Lwitiko hakugeuza hata kichwa.

"Jumatatu Baraza linarudishwa," alisema. "Kuna Mnenaji mpya. Anayetaka zahanati lazima akubali kipuli kiwashwe. Nsia miguu imemvimba, mkunga anasema asizalie nyumbani. Nitakubali."

"Najua."

"Basi nisikilize. Nikiwa na akili zangu, leo, hapa, nakwambia sitaki kushuka Kisima cha Tisa. Nitakapokuja kukwambia vingine, usiniamini. Hata nikiapa. Hata nikikasirika."

"Na huyo atakayekuja, Lwitiko? Yeye naye atakuwa ndugu yangu. Akiniomba nimpishe nimwambieje?"

Lwitiko alizungusha kikombe mkononi. "Mwambie kuna mtu alimkatalia kabla yake," alisema. "Umzuie."

*

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, mzima. Sekela alimwona kwenye picha tu. Mwafaka ulipatikana katika Meza iliyofuata, Mnenaji mpya akaapa bila kukwama, na redio ikatangaza siku ya kufungua kisima.

Lwitiko alikuja kumuaga, ameongezeka mwili, amenyoa. Sekela alimwambia maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, jinsi alivyoyasema akiwa ameshika kikombe hicho hicho cha bati. Lwitiko aliyasikiliza kwa subira. Kisha akamhurumia. "Pole, dada," alisema. "Umekaa peke yako mno." Akamwachia mkungu wa ndizi, akaenda zake.

Siku ya kufungua kisima Sekela alifika Lusungwe jua likiwa limeshachomoza. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kusimama njiani, pale kambi inapoisha na barabara ya kisima kuanza, na kumzuia mtu mmoja.

Alikuta watu wamemtangulia.

Tusekile alikuwapo, ameketi juu ya jiwe akiwa bado na kitambaa cha matanga. Karibu naye mwalimu wa shule ya msingi, aliyevaa beji ya Baraza la Elimu. Mchungaji. Muuguzi mwenye sare. Kijana wa duka la simu. Nsia, mtoto mgongoni. Walikuwa wanatazamana kwa mashaka, watu wa Mabaraza tofauti ambao hawakuwa na ruhusa ya kukusanyika, na kila mmoja alikuwa kama anaona aibu kuulizwa amefuata nini.

"Mume wangu aliniomba," Nsia alisema hatimaye. "Vipuli vilipokuwa vimezimwa. Kumbe aliwaomba wawili."

"Kaka yangu naye," alisema mwalimu.

"Baba yangu," alisema kijana wa simu.

Tusekile aliinuka. "Mimi waliniomba wengi," alisema. "Walikuja mmoja mmoja. Sikujua nimweke nani moyoni, nikawaweka wote."

Hakuna aliyewapanga. Walishikana mikono wenyewe, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, na Sekela akaingia kati ya mjane na mchungaji. Juu yao mvuke mweupe ulikuwa unatoka mlimani. Hewa ilikuwa safi, haina harufu hata kidogo, na Sekela akakumbuka: gesi ikizidi inaua pua kwanza. Akafungua mtandio akaufunga puani, akawaonyesha wengine wafanye hivyo. Nsia alimgeuza mtoto, akamfunika.

Lango la kambi likafunguliwa. Wanaume wa zamu walitoka, kundi kubwa, kofia za kazi zikimeta juani. Hawakuwa na fimbo wala hasira. Walikuwa wanazungumza kwa furaha, kama watu wanaokwenda harusini, na walipowaona ndugu zao barabarani nyuso zao zikang'aa zaidi. Lwitiko alikuwa mbele. Aliinua mkono kumpungia mkewe, na hakupunguza mwendo.

"Shikaneni," Tusekile alisema.